Oili ya giaboksi ya Land Rover ya zamani: kabla hujajaza, jua imeenda wapi

Leo tunaweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumzie chuma kinachobeba mazao yetu. Nina sababu.

Msimu uliopita kijana mmoja anayelima vitunguu Mang'ola alipakia pickup yake, Land Rover 109 Series III, akaanza kupanda kuelekea Karatu. Njiani gia ya tatu ikaanza kulia, baadaye ikawa inajitoa yenyewe, na mwisho gari ikabaki na kelele tu. Mzigo ukalala barabarani. Alipopata gari ya kukodi, mnunuzi wake alikuwa ameshachukua kwa wengine. Ikabidi auze kwa bei ya kuokota.

Fundi alipofungua nati ya kupimia oili, akaingiza kidole, kidole kikatoka kikavu. Kijana akashangaa kweli: "Bwana shamba, mbona nilijaza miezi miwili tu iliyopita?"

Hakudanganya, alijaza. Ila hakujiuliza ile oili ya kwanza ilienda wapi. Somo la leo ni hilo: namna ya kujaza oili ya gia wewe mwenyewe nyumbani, na namna ya kujua inapopotelea.

Oili ya gia haiungui

Oili ya injini inaweza kupungua kwa kuungua kwenye silinda, ukaona moshi wa bluu. Giaboksi haina moto wowote ndani yake. Oili ikipungua kule, kuna mahali imetokea. Tena giaboksi haina taa ya kukuonya kwenye dashibodi. Utaijua kwa kulala chini ya gari na kufungua nati, au utaijua kwa kelele. Ukifika kwenye kelele, umechelewa.

Land Rover Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata ile ya mwisho kabisa ina miaka 40 na zaidi. Zina maboksi mawili yaliyoshikana: giaboksi kuu yenye gia nne za mbele na ya kurudi nyuma, na transifa inayogawa nguvu kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma, yenye mwendo mkubwa na mdogo. Kila boksi lina oili yake, nati yake ya kumwagia na nati yake ya kupimia. Vijana wengi wanajaza moja wakidhani wamemaliza kazi.

Ununue oili gani

Giaboksi kuu inachukua lita 1.5. Transifa inachukua lita 2.5. Jumla lita 4, hivyo lita 5 zinatosha na kubaki ya kuongezea.

Aina ni EP 90. Dukani utaikuta kama SAE 90 au 80W-90, inafaa. Ila geuza chupa usome nyuma, kuna alama ya GL-4 au GL-5. Kwa giaboksi hii chukua GL-4. Series III ina ringi za shaba kwenye gia zote nne za mbele, ndizo zinazosawazisha mwendo ili gia iingie bila kukwaruza. Oili nyingi za GL-5 zina viongeza vya salfa na fosforasi kwa wingi zaidi, vizuri kwa meno ya difu, lakini vinaweza kuila shaba polepole. Muuza duka akikwambia "GL-5 ndiyo kali zaidi", mwambie unataka inayofaa, siyo kali.

Angalizo kwa wenye Land Rover 110 za gia tano: giaboksi ya LT77 kwa kawaida hutumia ATF, ile nyepesi nyekundu, na siyo EP 90. Usinakili lita wala aina kutoka somo hili ukapeleka kwenye gari nyingine. Soma kitabu cha gari yako.

Usalama kwanza, na hapa naomba usiruke

Breki ya mkono ya Land Rover hizi haikamati magurudumu. Inakamata shafti inayotoka nyuma ya transifa. Maana yake ni hii: ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lile lililo juu lizunguke, na gari inaweza kuondoka hata kama breki ya mkono umeivuta mpaka mwisho. Na wewe uko chini yake.

Kwa bahati nzuri gari hii iko juu, unaweza kuingia chini bila jeki kabisa. Fanya hivi: sehemu tambarare, injini imezimwa, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu angalau mawili. Gari ikiwa imeinama, si hatari tu, hata kipimo cha oili kitakudanganya.

Hatua kwa hatua

1. Tembeza gari dakika 15 hivi. Oili ikipata joto inatoka yote pamoja na uchafu. Isiwe ya kuunguza, iwe vuguvugu. Halafu zima uache itulie.

2. Safisha kwa brashi na kitambaa kuzunguka nati zote kabla hujafungua. Vumbi la Mang'ola likiingia ndani linafanya kazi ya msasa.

3. Fungua nati ya KUJAZIA kabla ya ile ya KUMWAGIA. Kwenye giaboksi kuu iko ubavuni. Kwenye transifa ya kupimia iko upande wa nyuma wa boksi. Nati hizi nyingine hazijaguswa miaka 10. Ukimwaga oili kwanza halafu nati ya kujazia ikagoma, utabaki na gari kavu uani na soko ni kesho.

4. Weka beseni safi, fungua nati ya kumwagia taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Kama gari ilivuka mto, yatatangulia kutoka. Acha itiririke mpaka ibaki matone.

5. Soma ulichotoa (nitaeleza hapa chini).

6. Rudisha nati ya kumwagia ukiwa umeweka washa mpya. Kaza kwa nguvu ya mkono wako na spana yake. Usirefushe spana kwa bomba, utaharibu uzi wa nati, na kuutengeneza ni gharama kuliko oili yenyewe.

7. Jaza. Oili ya gia ni nzito na tundu liko pembeni, chupa haisimami. Tafuta mpira mwembamba safi wa mita moja na nusu, upachike kwenye faneli, mwenzako ashike faneli juu wewe ukishika ncha kwenye tundu. Asubuhi ya baridi anika chupa juani kwanza, itateremka vizuri. Na tafadhali usitumie bomba la kupulizia dawa shambani, hata kama umelisuuza mara tatu. Maji na mabaki ya dawa hayatakiwi humo ndani.

8. Simamisha oili inapoanza kuchuruzika kwenye tundu la kupimia. Subiri dakika chache, iache ile ya ziada itoke yenyewe, ndipo ufunge.

9. Rudia hatua zote kwa boksi la pili.

Usiseme "naongeza kidogo ya akiba". Oili ikipata joto inatanuka, na ile ya ziada inasukumwa nje kupitia sili. Inaishia kwenye klachi au kwenye breki ya mkono, mahali pawili ambapo hutaki oili kabisa.

Soma oili uliyotoa

Chovya kidole usugue kwenye kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku kwenye beseni. Sumaku ya spika mbovu inatosha.

Nyeusi lakini inateleza, bila vipande: ni uzee wa kawaida.

Ya rangi ya maziwa au chai ya maziwa: maji yameingia. Jaza oili mpya, tembea siku mbili tatu, imwage tena ujaze nyingine. Utalalamika gharama, lakini beringi zenye kutu ni gharama zaidi.

Chembe za rangi ya dhahabu ambazo sumaku haizikamati: ni zile ringi za shaba. Chache ni kawaida kwa gari kongwe. Zikiwa nyingi, na gia inakwaruza ukibadili, anza kuweka akiba ya fundi.

Vipande vya chuma vinavyokamatwa na sumaku, vikubwa kama punje ya mtama: usipakie mzigo tena. Hilo ni jino la gia au beringi.

Na ukifungua gari uliyoinunua juzi ukakuta unga wa mbao ndani, pole sana. Ni mbinu ya zamani ya kunyamazisha kelele mpaka muuzaji apokee hela. Ndiyo maana nashauri ufungue nati kabla ya kulipa.

Sasa, imeenda wapi?

Kwa kawaida njia ni nne.

*Ya kwanza, imehamia kwa jirani.* Kati ya giaboksi kuu na transifa kuna sili. Ikichoka, oili inatoka boksi moja kwenda jingine. Dalili yake: giaboksi kuu imepungua, lakini ukifungua nati ya kupimia ya transifa, oili inamwagika nje kwa wingi. Chini ya gari ni pakavu kabisa, hakuna hata tone. Yule kijana wa vitunguu tatizo lake lilikuwa hili. Aliangalia chini, hakuona kitu, akaamini gari ni nzima. Ndiyo maana nasisitiza: pima maboksi yote mawili kila mara, hata kama unataka kujaza moja.

*Ya pili, imeingia kwenye breki ya mkono.* Sili ya nyuma ya transifa ikivuja, oili inaingia kwenye dramu ya breki. Breki ya mkono inakuwa ya mapambo. Ukiona unavuta na gari bado inateleza mlimani, usikaze waya kwanza, angalia oili.

*Ya tatu, imeelekea kwenye klachi.* Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo la kudondoshea oili inayovuja. Linawekewa nati pale tu unapovuka maji mengi, ukishavuka unaitoa. Wengi wanaisahau, oili inajikusanya ndani na klachi inaanza kuteleza. Toa nati hiyo uone kinachodondoka. Kikiwa chepesi na cheusi, huenda ni sili ya nyuma ya injini. Kikiwa kizito chenye harufu kali kama ya kiberiti, ni oili ya gia.

*Ya nne, imepita kwenye nati.* Hii ndiyo rahisi: washa ya zamani. Shilingi chache unamaliza tatizo.

Namna ya kuzitofautisha haihitaji mtambo. Usiku tandaza boksi la kartoni chini ya gari. Asubuhi angalia matone yako usawa wa wapi: nati, klachi au nyuma ya transifa. Kartoni ikiwa kavu na oili bado inapungua, rudi kwenye njia ya kwanza.

Baada ya kazi

Tembea dakika 10, ingiza gia zote, na mwendo mdogo pia. Rudi sehemu tambarare, gari itulie, pima tena. Baada ya hapo nashauri upime kila mwezi wakati wa msimu wa kubeba mazao, na kila mara ukivuka mto maji yakafika usawa wa giaboksi. Andika kwenye daftari lile lile unaloandikia tarehe za kupulizia dawa: tarehe, boksi, na kiasi ulichoongeza. Ukiona transifa haijakunywa kitu lakini giaboksi kuu kila mwezi inakunywa nusu lita, daftari limeshakwambia kabla ya mlima kukwambia.

Oili chafu usimwage kwenye mfereji wa umwagiliaji wala karibu na kisima. Usiwapake mifugo kwenye vidonda, nimeona watu wanafanya hivyo na si dawa. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, uliandike "OILI CHAFU", upeleke gereji wanaokusanya.

Hivi tunavyoongea, yule kijana amebadilishiwa ringi, beringi na ile sili ya kati. Sili yenyewe ilikuwa kitu kidogo kuliko vyote kwenye hesabu ya fundi. Kilichomuumiza ni vitunguu, kwa sababu shamba alilihudumia vizuri miezi yote ile, hasara ikamkuta njiani.

Jumamosi hii, kabla hujapakia, chukua spana na kitambaa, ulale chini ya gari. Fungua nati mbili, ingiza kidole. Ni kazi ya nusu saa.

Somo lijalo tutashuka kwenye difu za mbele na nyuma. Kazi njema.