UMUBIRIZI UNA FAIDA, LAKINI HAUTIBU PALU



Kuanzia vilima vya Gishubi, Gitega, hadi huku Muyinga, umubirizi unaota kando ya nyumba. Majani yake ni machungu, na wazee wetu huyatumia kwa homa, minyoo na tumbo. Leo tujifunze kilichomo ndani yake.

Antioksidanti ni nini?

Kata avoka vipande viwili. Kimoja kipake maji ya limau, kingine kiache hivyo hivyo. Kisichopakwa kitageuka rangi upesi, kwa sababu oksijeni ya hewa inakiharibu. Limau linazuia uharibifu huo kwa uchachu wake na vitamini C. Ndani ya mwili pia kuna uharibifu wa namna hiyo, na moshi wa kuni na sigara huuongeza. Vitu vinavyouzuia vinaitwa antioksidanti. Wataalamu wamevikuta katika majani ya umubirizi. Vimo pia katika lengalenga, mapera na mawese mekundu.

Je, vinatibu malaria?

Hapana. Kuzuia uharibifu wa seli si kuua vijidudu vya malaria. Mwaka jana mdogo wangu alipata homa. Mama alimpa maji ya umubirizi siku mbili, na mimi nilinyamaza. Siku ya tatu akashikwa na degedege. Kituoni walimpima, wakakuta palu. Alipona, lakini mimi ndiye ninayewafundisha wengine!

Wengine watauliza: mbona dawa ya hospitali imetoka katika mmea? Ni kweli. Artemisinini ilitolewa katika mmea wa China, na Bi. Tu Youyou akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini kidonge kina kipimo kamili, chai ya majani haina. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kutibu malaria.

Tukumbuke:

1. Mtoto akiwa na homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.
2. Mtoto chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu, si maji ya majani.
3. Mjamzito, au mwenye kisukari anayetumia dawa, amwambie muuguzi majani anayokunywa. Hatakugombeza.
4. Lengalenga zipike muda mfupi, tia mawese kidogo, usimwage maji yake.

Tuheshimu majani ya wazee, lakini tusicheleweshe mgonjwa.