Presha ya Shawa na Maji ya Moto: Ushauri kwa Nyumba za Kiabakari

Maji ya bomba yanayofika Kiabakari hutoka Ziwa Victoria, kule Mugango, na hupandishwa kwa pampu. Umeme wa pampu ukikatika, au mtaa mzima ukifungua koki alfajiri, maji hupungua. Ndiyo sababu mwenye shawa huyapokea kwanza kwenye simtanki, kisha yakashuka bafuni. Hapo presha ya bomba la mtaani haikuhusu tena. Kinachokuhusu ni kimo cha tanki lako, na watu wengi hununua hita au pampu kabla hawajakipima.

Anza na ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ikijaa kwa dakika mbili, unaoga vizuri. Ikipita dakika tatu, fungua kichwa cha shawa upime tena bomba likiwa wazi. Maji yakiongezeka sana, kichwa kimeziba mchanga, kutu, au chokaa kwa wanaotumia maji ya kisima. Kiloweke kwenye siki usiku kucha, kisha ukisugue kwa mswaki mkuukuu. (Kichwa chenye hita ya umeme hakilowekwi kamwe, safisha sahani yake ya matundu tu, na meni swichi ikiwa imezimwa.) Yasipoongezeka, fuata bomba kurudi nyuma: koki iliyofunguliwa nusu, chujio lililojaa takataka, hewa iliyonasa mahali bomba linapopanda na kushuka tena.

Vyote vikiwa sawa, pima kimo. Kila mita moja kutoka usawa wa maji tankini hadi kichwa cha shawa huleta presha ya bar 0.1 tu. Tanki likiwa juu ya mnara wa mita 3 na shawa iko mita 2 kutoka chini, maji yakikaribia kwisha unabakiwa na mita 1. Hiyo ni ndogo mno. Kabla ya pampu, jaribu bomba pana: shusha maji kwa bomba la inchi moja, na bomba la nusu inchi lianzie karibu na bafu. Kuinua mnara pia kunafaa, ila lita 1,000 ni tani nzima, kwa hiyo nguzo zijengwe na fundi anayejua uzito huo. Ukilazimika kuweka pampu, inyonye kutoka kwenye tanki. Ikinyonya bomba la mtaani huwakausha majirani, na huvuta maji machafu kupitia nyufa za bomba.

Joto nalo hufuata presha. Hita ya shawa hujiwasha pale tu maji yanapoisukuma. Yakiwa dhaifu hubaki baridi hata umeme ukiwepo. Nunua iliyoandikwa kuwa inafaa presha ndogo. Lakini maji yakiwa mengi mno, hayapati moto: hita ya wati 5,400 huongeza nyuzi 26 hivi maji yakipita lita 3 kwa dakika, na nyuzi 15 tu yakipita lita 5. Umeme ukishuka kutoka volti 220 hadi 180, theluthi moja ya joto hilo hupotea, na hita haina kosa.

Wenye hita ya jua juu ya paa huwa na shida nyingine: maji yanaunguza, mara yanakuwa baridi. Mara nyingi ya baridi hutoka bomba la mtaani na ya moto kwenye tanki, na lenye presha kubwa humsukuma mwenzake. Yote mawili yatoke tanki moja.

Ukihisi umeme ukikutekenya ukigusa koki, toka bafuni, zima meni swichi, wala mtu asioge hapo. Hita ya wati 5,400 huvuta takriban ampea 25: inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye breka yake, na waya wa ethi unaofika ardhini. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na umwombe aipime ethi mbele yako.