Dondoo muhimu: Pedali za kiigaji cha ndege (simulator) kabla ya kuruka KIA

Sakafu ya vigae huteleza, na kiti chenye magurudumu hurudi nyuma kila pedali inapokanyagwa. Kiti cha miguu minne na kipande cha mpira chini ya pedali hutosha kabisa.

Kisha mipangilio. Pedali ya kulia ikisukumwa, pua ya ndege iende kulia. Ikienda kushoto, mhimili wa pedali ugeuzwe. Breki za vidoleni ndizo zinazosumbua zaidi: zikisomeka kinyume, ndege hung'ang'ania pale pale ingawa hakuna aliyezigusa. Msokoto wa jostiki nao uzimwe, usigombane na pedali.

Pa kujaribia ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), kati ya Moshi na Arusha, wenye njia ya kurukia ya takriban kilomita 3.6. Cessna 172 ikipewa nguvu zote za injini huvuta kushoto. Mguu wa kulia uirudishe taratibu kwenye mstari wa katikati.