Kila mtaalamu na lugha yake

Swali: Naongoza mradi wa maji kijijini. Mhandisi, mhasibu na afisa maendeleo ya jamii hawaelewani, na vikao haviishi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, jifunze kutoka chumba cha upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa upasuaji salama. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila mmoja hutaja jina na kazi yake. Mpasuaji hueleza hatua ngumu anazozitarajia, mtaalamu wa usingizi husema kinachomtia wasiwasi, muuguzi huthibitisha vifaa. Mimi hilo la majina ndilo linalonigusa zaidi: aliyekwisha kufungua kinywa mara moja huona wepesi kusema tena, hata mbele ya bosi.

Basi kabla hamjachimba mtaro, waulize wote: nini kinaweza kutukwamisha? Aanze afisa maendeleo, maana mara nyingi ndiye anayejua bomba litapita shambani kwa nani. Mhandisi akitumia neno la kitaalamu, alifafanue papo hapo. Wewe zungumza mwisho.