Dondoo muhimu: Kutoka Nungwi hadi Mji Mkongwe kwa siku moja

Mtu wa Goma anayepumzika Nungwi, kaskazini mwa Unguja, akumbuke kwanza kusogeza saa yake: Zanzibar iko mbele kwa saa moja. Amka mapema. Mjini ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na daladala namba 116 husimama kila mahali, gunia la mkaa likipanda, ndoo ya samaki ikishuka. Mkiwa wanne, changieni taksi. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda.

Faranga za Kongo ziache hotelini. Badilisha dola upate shilingi, na zisiwe noti kuukuu.

Anzia mtaa wa Mkunazini asubuhi. Kanisa Kuu la Anglikana limejengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Usiharakishe hapa: wengi waliouzwa Zanzibar walitoka bara, na Maniema, jirani wa Kivu, ilikuwa himaya ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa. Nyumba yake, alikofia mwaka 1905, iko Shangani. Mlango wa nakshi pekee unatosha kukusimamisha. Kupotea vichochoroni ni kawaida, uliza tu.

Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala.

Mchana kunywa urojo, supu ya hapa. Vibanda vya chakula vya bustani ya Forodhani huchangamka jioni, daladala zikiwa zimeadimika. Anayevitaka akubaliane na dereva wake wa taksi mapema.