Bastola Chini ya Koti

SWALI: Mfanyabiashara wa mbao wa Nyololo, Mufindi, ana bastola yenye leseni. Huichomeka kiunoni bila mkoba. Je, ni salama?

JIBU: Hapana. Mkoba unaofaa ni mgumu, wa ngozi nene au plastiki, umetengenezwa kwa umbo la bastola hiyohiyo na kufunika triga yote. Mdomo wake usijikunje bastola inapotolewa. Apime nyumbani bastola ikiwa tupu: mkoba ukipinduliwa, isidondoke. Mkanda nao uwe imara.

Ubaya wa Mufindi ni baridi. Juni na Julai kila mtu yuko ndani ya koti zito, na kamba ya koti ikinasa kwenye triga wakati wa kurudisha bastola, risasi huishia pajani. Basi ainue koti, atazame mkoba, kidole kikae nje ya triga, arudishe polepole. Kuna haraka gani?

Pombe na bastola, hata kidogo, haviendi pamoja.

Masharti ya leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, ayaulize polisi Mafinga.