Paneli ya Kudhibiti Seva Pepe

Aliyepita mitaa ya Ngamiani, mjini Tanga, anaifahamu nyumba ya Kiswahili: mlango mmoja wa mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Kila mpangaji ana kufuli lake, lakini paa ni la wote.

Kompyuta kubwa iitwayo seva huweza kugawanywa vivyo hivyo. Programu msimamizi huigawa prosesa, kumbukumbu na diski, na kila fungu hujiendesha kana kwamba ni kompyuta kamili. Fungu hilo huitwa seva pepe. Wazo hili si jipya: kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Paneli ya udhibiti ni ukurasa ambao kwao mwendeshaji huunda, huwasha na huzima seva pepe. Hicho ndicho kicha cha funguo cha mwenye nyumba.

Tuchukue mfano wa Proxmox VE, programu huria iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008. Hatua za kuisimika ni hizi:

1. Hakikisha kwamba prosesa ni ya biti 64, na kwamba uwezo wake wa kugawanywa umewashwa.
2. Nakili data zote kwingineko, kwani usimikaji hufuta diski.
3. Ipe seva anwani ya mtandao isiyobadilika.
4. Katika kompyuta nyingine, fungua kivinjari na uandike https://, kisha anwani hiyo, kisha :8006.

Yafaa kugawa kwa hesabu. Seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32, tukimwachia msimamizi 4, hubakiza 28. Yaani seva pepe 7 za gigabaiti 4 kila moja.

Hapa pana hatari. Anayeiba nywila ya paneli hafungui chumba kimoja, bali vyote: matokeo ya mitihani, karo na maktaba ya shule. Kwa hiyo paneli isiachwe wazi kwa intaneti yote, na nywila iongezewe uthibitisho wa pili. Tena, paa likiungua, wapangaji wote huathirika. Basi nakala za akiba zihifadhiwe katika mashine nyingine, ikiwezekana jengo jingine.

Maswali
1. Kwa nini nakala iliyo katika diski ile ile si akiba?
2. Seva ina gigabaiti 64. Msimamizi apewe 4. Zitapatikana seva pepe ngapi za gigabaiti 6?